Isabella Bird au Mary Kingsley: ukiwa na nafasi ya mmoja tu, uanze na nani?

Mwaka 1879 gazeti la The Times la London liliandika kwamba Isabella Bird, mwandishi wa safari wa Uingereza na binti wa kasisi, alivaa mavazi ya kiume alipokuwa akizunguka na farasi katika milima ya Rocky huko Marekani. Bird alikasirika sana. Toleo la pili la kitabu chake cha safari hiyo lilipotoka, lilikuwa na maelezo yake kuhusu vazi hilo: koti lisilobana sana, sketi inayofika vifundoni, na chini ya sketi suruali pana ya Kituruki iliyokusanywa marinda juu ya buti. Vazi la mwanamke, na la heshima. Alitaka kila msomaji alijue hilo kabla hajafungua ukurasa mwingine.

Miaka 16 baadaye, katika msitu wa Gabon, Mary Kingsley, naye msafiri na mwandishi wa Uingereza, alitumbukia kwenye shimo la mtego wa wanyama. Chini ya shimo hilo palikuwa na vigingi tisa vya mpingo, vimechongwa ncha, kila kimoja na urefu wa futi moja hivi. Akajikuta ameketi juu yake akiwa mzima, ana michubuko tu, kwa sababu sketi yake nene ilijikusanya chini yake alipoanguka. Aliandika kwamba laiti angewasikiliza watu wa Uingereza waliomshauri avae nguo za kiume, vigingi vingemchoma hadi mfupani na habari yake ingeishia pale. Yeye alikaa mle shimoni akipiga kelele wenzake waje wamtoe.

Naanza na sketi kwa sababu enzi za Malkia Victoria mwanamke aliyesafiri peke yake aliulizwa kwanza kavaa nini, ndipo aulizwe kaona nini. Bird alilijibu swali hilo kwa kujieleza. Kingsley alilijibu kwa kuwachekesha watu mpaka wakasahau kwamba waliuliza. Soma kurasa zao zote na utaukuta mwenendo uleule: mmoja anakuomba umwamini, mwingine anakuchekesha, na kicheko hakijaisha amekwisha kukupitishia jambo zito.

Mpwa wangu aliyeko kidato cha tano ndiye aliyenifanya nikae chini niwalinganishe kwa makini. Alikuja likizo akaniambia, "Shangazi, nina wiki tatu tu. Usinipe rafu nzima, nipe mmoja." Kumchagulia mtu kitabu kimoja ni kazi ngumu kuliko kumpa kumi, kwa sababu hicho kimoja ndicho kitakachomfanya aendelee au aache.

Walitoka wapi

Bird alizaliwa Yorkshire mwaka 1831. Mgongo ulimsumbua tangu utotoni. Mwaka 1850 alifanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe karibu na uti wa mgongo, na maumivu hayakumwacha. Madaktari wakashauri safari ya baharini. Mwaka 1854 baba yake akampa pauni 100 aende Marekani, akae huko hadi ziishe. Matokeo yake yakawa kitabu chake cha kwanza, kilichotoka 1856. Lakini safari zilizompa jina zilianza 1872, akiwa na miaka 40: Australia, ambako hakupapenda, kisha New Zealand, kisha visiwa vya Hawaii, kisha Colorado. Huko Hawaii alijifunza kumpanda farasi kwa kumkalia katikati, mguu huku na mguu huku, badala ya kukaa kiupande kama mabibi wa Uingereza. Mgongo uliomlaza kitandani nyumbani ukamruhusu kupanda volkano ya Mauna Loa. Kila aliporudi Uingereza aliugua tena. Wengi wameandika kuhusu hilo kana kwamba alikuwa akijisingizia. Mimi naliona tofauti: mwili wa mwanamke aliyefungiwa sebuleni ulikuwa ukisema kweli kwa lugha pekee iliyobaki.

Kingsley alizaliwa London mwaka 1862. Baba yake alikuwa daktari aliyezunguka dunia akifuatana na matajiri. Mama yake alikuwa mtumishi wa nyumba, na ndoa yao ilifungwa siku nne tu kabla Mary hajazaliwa. Mdogo wake wa kiume, Charles, ndiye aliyepelekwa Cambridge. Mary hakupelekwa shule. Elimu pekee iliyolipiwa fedha kwa ajili yake ilikuwa masomo ya Kijerumani, na hayo alifundishwa ili amsaidie baba yake katika kazi zake. Yaliyobaki aliyachota mwenyewe kwenye maktaba ya baba. Mama aliugua miaka mingi, Mary akawa muuguzi wake. Mwaka 1892 wazazi wote wawili walifariki, wakipishana kwa wiki chache. Agosti 1893, akiwa na miaka 30, alipanda meli kwenda Afrika Magharibi.

Siku ya tatu mpe jembe

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe akalime. Hicho ndicho kipimo changu kwa waandishi wa safari, wa zamani na wa leo. Namuuliza: ulipokuwa kwa watu, ulishika jembe gani?

Kingsley alifika na la kwake. Alibeba vitambaa, tumbaku na ndoana za samaki, akabadilishana na mpira na pembe za ndovu kijiji kwa kijiji, na ndivyo alivyolipia njia. Jembe la pili lilikuwa samaki: alikusanya samaki wa maji baridi kwa ajili ya Jumba la Makumbusho la Uingereza, kwa Dakta Albert Günther, na aina tatu zilipewa jina lake. Mmoja ni Ctenopoma kingsleyae, ambaye wataalamu wanamwita hivyo mpaka leo. Lakini ni biashara iliyompa macho. Alieleza kwamba mtu anayetokea msituni bila shughuli yoyote anatia hofu, watu hawajui anataka nini. Anayekuja kununua na kuuza anaeleweka mara moja, maana hata wenyeji ni wafanyabiashara, na mazungumzo yana pa kuanzia. Bidhaa zilipomwishia aliuza blauzi zake nyeupe kwa wanaume wa Kifang, kabila la misitu ya huko. Anamweleza shujaa mmoja aliyeivaa blauzi hiyo pamoja na rangi nyekundu mwilini na mikia ya chui, bila kitu kingine, na hakufunga kamba za mgongoni.

Bird hakwenda kuuza kitu. Alikwenda kupona na kutazama. Hata hivyo, bonde la Estes Park huko Colorado lilimpa jembe bila kumuuliza. Alipanga kwa mfugaji aitwaye Griff Evans kwa dola nane kwa wiki, na bei hiyo ilijumuisha farasi, kama angepatikana wa kukamatwa. Muda si mrefu akawa anatoka na wanaume kuswaga ng'ombe wa porini bondeni, na Evans akamhesabu kama mchungaji mwenzake. Majira ya baridi yalipokaza, mayai ilibidi yakae juu ya jiko, sehemu yake yenye moto mdogo, ili yasigande. Kurasa hizi za kazi na baridi nazipenda kuliko zile ndefu za machweo, ingawa ni machweo yaliyomletea sifa.

Milima miwili

Ukitaka kuwaonja wote wawili kwa jioni moja, soma kila mmoja anavyopanda mlima.

Bird alipanda Longs Peak, mlima wa zaidi ya mita 4,300, vuli ya 1873. Aliyemwongoza ni Jim Nugent, mtega wanyama ambaye dubu alimharibu upande mmoja wa uso na kumwachia jicho moja. Alikuwa mlevi mwenye sifa mbaya, na papo hapo alikuwa mtu wa adabu aliyejua mashairi kwa moyo. Usiku walilala pale miti inapoishia. Jim alimwamuru mbwa wake, Ring, akalale karibu na bibi yule na asimwache hadi asubuhi, na mbwa akaenda akalala akimtia joto mgongoni. Kesho yake kwenye mawe yenye barafu Bird alishindwa. Haukuwa uvivu: miguu ilikataa, na buti za kuazima zilimpwaya. Anakiri waziwazi kwamba Jim alimkokota juu kama robota la bidhaa, kwa nguvu za mikono yake. Kisha wakafika, na anaupa upeo ule wa macho ukurasa baada ya ukurasa: vyanzo vya mito, theluji, tambarare zinazopotea kwenye bluu.

Jim alimpenda. Bird naye hakuwa jiwe. Barua zake kwa mdogo wake Henrietta zinalionyesha hilo na kulificha kwa wakati mmoja. Lakini Jim alikuwa mtu wa chupa na wa hasira, na Bird akaagana naye. Mwaka uliofuata Jim alipigwa risasi na Evans, yuleyule mwenyeji wao, na jeraha likamuua.

Kingsley alipanda Mlima Kamerun Septemba 1895, mlima wa takriban mita 4,000, kwa upande ambao Wazungu hawakuuzoea. Mtu aliyewahi kwenda Kilimanjaro na wapagazi ataitambua safari hii papo hapo: mvua isiyokatika, maji ya kunywa yaliyopungua, wanaume wanaotetemeka na wasioona sababu yoyote ya kwenda huko juu. Wenzake wakabaki mmoja baada ya mwingine. Alifika kileleni ndani ya ukungu mzito, haoni hatua chache mbele. Alichokikuta ni vipande vya chupa za shampeni zilizoachwa na maofisa wa Kijerumani. Akaweka kadi yake ya jina kati ya vipande hivyo kama heshima kwa mlima, na mvua ikaigeuza uji. Alikuwa amepanda ili aone mandhari. Mandhari hayakuwepo. Akashuka.

Kwa Bird, kilele ni zawadi na anakugawia. Kwa Kingsley, kilele ni mahali ambapo Wajerumani walikunywa shampeni na wapagazi walipata homa, na anakuachia ufikirie mwenyewe nani alitaka nini pale. Ninayemrudia mara nyingi ni huyu wa pili.

Watu waliowakuta

Hapa ndipo uamuzi wangu unapolala, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bird alikwenda Japani mwaka 1878 akiwa na mkalimani kijana aliyemwambia ana miaka 18, Ito Tsurukichi. Katika kitabu chake Unbeaten Tracks in Japan, kilichotoka 1880, Ito ni mtu kamili: hodari, mwenye majivuno, anayejifunza Kiingereza kila usiku na kuandika maneno mapya, na anayejichukulia chake kidogo katika kila malipo. Bird anamkasirikia na kumtegemea. Vijijini kaskazini, ambako hawakuwa wamemwona Mzungu, umati ulijaa nje ya nyumba ya wageni. Asubuhi kuta za karatasi zilikuwa na matundu, na kila tundu lilikuwa na jicho. Mtazamaji akawa anatazamwa. Akafika hadi kisiwa cha Hokkaido, kwa Waainu, wenyeji wa asili wa huko, akakaa nyumbani kwa mkuu wao huko Biratori na kuandika kwa undani juu ya nyumba zao, dini yao na dubu wanaowaheshimu. Kazi hiyo bado inatumiwa na wanaosoma habari za Waainu.

Lakini Bird huyohuyo, akiwa California na Colorado, anawaandika wenyeji wa asili wa Marekani kwa maneno ya kudharau yanayochoma kuyasoma. Uso wa mtu kwake mara nyingi hupimwa kwa uzuri na usafi kama unavyopimwa nyumbani kwao Edinburgh. Baadaye, akiwa mjane, alizidi kuwa upande wa misheni. Alijenga hospitali Srinagar kwa kumbukumbu ya mume wake, Dakta John Bishop, na wagonjwa walitibiwa humo. Wema huo ni wa kweli. Kusikiliza ni jambo jingine, na katika hilo hakuwa sawa kila mahali.

Kingsley anasikiliza. Yumo ndani ya kesi za kijijini: Mfang mmoja wa msafara wake, Kiva, anakamatwa na kufungwa kamba kwa deni la zamani, na Kingsley anakaa barazani kubishana mpaka shauri linakwisha. Analala kwenye nyumba ya mwenyeji, ananusa harufu mbaya, anakishusha kifuko kilichoning'inia na kukimwaga kwenye kofia yake ili asipoteze kitu: mkono wa mtu, vidole vitatu vya miguu, macho manne, masikio mawili. Mwandishi mwingine wa wakati ule angejaza sura nzima kwa ushenzi. Yeye anarudisha vyote mahali pake, na kueleza kwa utulivu kwamba Wafang huhifadhi kumbukumbu ya wafu wao. Aliandika sura kadhaa juu ya imani za Afrika Magharibi akishikilia jambo moja: kwamba ni mfumo wa fikra wenye mantiki, na anayeutaka auelewe lazima afikiri kutokea ndani yake.

Akalipeleka hilo kwenye siasa. Mwaka 1898 Waingereza walipotoza kodi ya vibanda Sierra Leone na watu wakaasi, Kingsley aliandika gazetini kwamba waasi walikuwa na hoja ya kisheria: katika sheria za huko, kulipia kitu kila mwaka ni kukiri kwamba si chako. Kwa hiyo kumtoza mtu kodi ya nyumba aliyoijenga mwenyewe ni kumwambia nyumba si yake. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kudai kodi ya nyumba huku kwetu, na wazee wa bara walituhadithia kodi hiyo kwa uchungu bila kueleza kwa nini iliuma kupita fedha zenyewe. Mwanamke wa London aliieleza.

Sasa upande wa pili, maana sitaki umchukue bila kujua. Kingsley aliandika kwamba Mwafrika si Mzungu ambaye hajaendelea, kama vile sungura asivyokuwa sungura-pori ambaye hajaendelea. Kwa kauli hiyo alitetea sheria na desturi za Waafrika zisifutwe. Kwa kauli hiyohiyo alijenga ukuta, na hakuficha imani yake kwamba aliyeko upande wake wa ukuta yuko juu. Alitetea wafanyabiashara wa Liverpool hata katika biashara ya pombe kali, na walikuwa rafiki zake. Alipinga wanawake kupewa kura. Wanaume wa mashua waliomvusha kutoka mto Ogooué kuelekea mto Remboué, waliomwokoa zaidi ya mara moja, anawaita Shati la Kijivu, Singlendi, Kimya; majina ya utani ya kuchekesha, ilhali walikuwa na majina waliyopewa na mama zao. Bird alimwandika Ito kwa jina lake. Hilo ni la kumhesabia.

Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London iliwafungulia wanawake mlango mwaka 1892, Bird akiwa miongoni mwa wa kwanza. Mwaka uliofuata wanaume wakabishana na kuufunga tena, ukafunguliwa 1913. Kingsley hakugonga mlango huo.

Na yule aliyekuja kwetu?

Msomaji wa pwani atauliza: si yupo aliyetembea huku? Yupo. May French-Sheldon, Mmarekani aliyeishi London, alifika Mombasa mwaka 1891, akapata wapagazi kwa msaada wa Sultani wa Zanzibar, na akaongoza msafara wa zaidi ya watu 100 hadi Kilimanjaro. Alishuka hadi kwenye maji ya Ziwa Chala na kulizunguka kwa mashua. Kitabu chake kilitoka 1892, na kwenye jina lake akaongeza cheo alichopewa na wapagazi, alichokiandika Bebe Bwana. Sisi tunasikia Bibi Bwana, na tunaelewa mara moja tatizo walilokuwa nalo wale wanaume: mtu huyu ni Bibi, lakini anaamuru kama Bwana, basi apewe vyote viwili.

Nilitamani sana niseme anza na huyu. Siwezi. Alibebwa kwenye machela ya matete yenye mapazia, na mbele ya machifu alitoka na gauni jeupe la hariri, wigi la nywele za dhahabu na upanga kiunoni. Kila ukurasa anajiangalia kwenye kioo. Thamani yake ni pale anapojisahau: maneno ya Kiswahili aliyoyasikia vibaya na kuyaandika, mpangilio wa mizigo, pete zenye jina lake alizogawa njiani. Kuna la uzito zaidi. Miaka ya mwanzo ya 1900 alikwenda Kongo ya Mfalme Leopold na kurudi akiitetea, wakati mikono ya watu ilikuwa ikikatwa kwa ajili ya mpira. Upande wa pili wa shauri hilo alikuwepo E. D. Morel, aliyeifichua Kongo hiyo kwa ulimwengu, na fikra za Morel juu ya Afrika zilitokana kwa sehemu kubwa na maandishi ya Kingsley. Msome French-Sheldon, ila awe wa tatu, na uwe na penseli mkononi.

Kitabu mkononi

Vitabu vyao vyote vimekwisha muda wa hakimiliki na vinapatikana bure kwenye intaneti, kwa hiyo bei haimo kwenye uamuzi. Muda na Kiingereza chako vimo.

Bird wa kuanza naye ni A Lady's Life in the Rocky Mountains. Ni barua 17, na kila moja inajitosheleza. Unaweza kusoma moja kwenye daladala na kufika kituoni ukiwa umeimaliza. Kiingereza chake ni safi na cha moja kwa moja, isipokuwa anapoanza kutaja miti na rangi za mawingu, na hapo unaweza kuruka bila kupoteza hadithi. Barua aliziandika kwa Henrietta, na unaisikia sauti ya dada akimsimulia ndugu yake wa damu. Henrietta alikufa kwa homa ya matumbo mwaka 1880, na kwa maoni yangu kuna kitu kilizimika katika uandishi. Vitabu vya baadaye, vya Uajemi, Korea na bonde la Yangtze, vina maarifa mengi zaidi na pumzi kidogo. Vya China, hata hivyo, tafuta picha. Aliingia kwenye upigaji picha akiwa amekaribia miaka 60, na kwenye mto Yangtze alisafisha picha zake usiku ndani ya mashua, akizisuuza kwa maji ya mto. Mwanamke mfupi, mgonjwa wa mgongo, aliyepigwa jiwe la kichwa na umati huko Sichuan, na bado sahani zake za picha zilirudi nyumbani.

Kingsley wa kuanza naye ni Travels in West Africa, kilichotoka 1897. Toleo kamili lina kurasa zaidi ya 700, pamoja na viambatisho vya samaki. Matoleo yaliyofupishwa yapo, na sioni aibu kuyapendekeza. Tatizo ni utani wake. Anasema jambo la kutisha kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, na msomaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu anaweza kupita juu ya mamba asimwone. Yupo mamba hasa: anajaribu kupanda mtumbwini, na Kingsley anamtwanga pua kwa kasia. Katika utangulizi yuko mtu anayempa kitabu cha misemo ya kila siku ya Dahomey, na humo, hatua chache baada ya kuwaamsha watumishi wavivu, msafiri anafundishwa kuuliza kwa nini mtu huyu hajazikwa. Ukicheka hapo, kitabu ni chako. Ukishangaa tu, anza na Bird na urudi baadaye.

Kwa hiyo: kama unataka kitabu cha kukupumzisha, kama Kiingereza kinakuchosha, kama unapenda farasi, theluji na mapenzi yasiyosemwa, chukua Bird. Kama una hamu na Japani, chukua Bird pia, lakini kile cha 1880, na uvumilie viroboto, maana vipo kila nyumba aliyolala. Kwa mwalimu anayetafuta kitu cha kubishaniwa darasani, kwa anayesoma historia ya ukoloni, na kwa yeyote mwenye kuishi Afrika na aliyechoka kusoma jinsi tulivyotazamwa kutoka juu ya machela, ni Kingsley, pamoja na makosa yake yote. Aliketi chini. Alinunua, aliuza, alidaiwa, alidai.

Bird alikufa Edinburgh mwaka 1904, akiwa na miaka 72 na akipanga kurudi China. Kingsley hakufika hata 40. Mwaka 1900, wakati wa vita vya Makaburu, alikwenda Simon's Town, Afrika Kusini, kuwauguza wafungwa wa Kikaburu, akaambukizwa homa ya matumbo, ugonjwa uleule uliomchukua Henrietta, na akafa tarehe 3 Juni. Aliomba azikwe baharini. Alikuwa na vitabu vichache nyuma yake na safari nyingine ya Afrika Magharibi kichwani.

Mpwa wangu nimempa Kingsley. Nimemkatia kipande cha karatasi na kukiweka pale safari ya Ogooué inapoanza, nikamwambia sura za pwani zilizotangulia azirudie mwishoni. Jana usiku nilimsikia akicheka peke yake chumbani, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Sikumuuliza amefika wapi.